Jinsi ya Kumsimulia Mtoto Vita Bila Kutoka Jasho

Sogea karibu, mambo haya hayatangazwi na kipaza sauti.

Una vita ndani ya ukoo wako na una kitabu kichwani. Najua. Kama si babu aliyepelekwa Burma na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, basi ni mjomba aliyeingia Uganda na jeshi mwaka 1979, au mama mkubwa aliyeikimbia Uvira mwaka 1996 akavuka ziwa hadi Kigoma. Nawe umeapa utaandika yote: vizazi vitatu, kurasa 700, ramani mwanzoni, orodha ya ukoo mwishoni, na picha yako nyuma ya jalada umeshika kidevu. Mpaka leo uko ukurasa wa 12.

Wakati huohuo kuna mtoto pale nyumbani anauliza kwa nini babu hapendi fataki za mwaka mpya. Hawezi kungoja kurasa 700. Anataka jibu kabla ya kulala.

Basi nakupa njia ya mkato. Nimeiiba kwa mwanamke mmoja wa London, na nakushauri uibe kama mimi, kwa sababu imejaribiwa na inafanya kazi.

Jina lake Judith Kerr. Alizaliwa Berlin mwaka 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mhakiki wa tamthilia ambaye watu wa jukwaani walimwogopa. Tena alikuwa Myahudi, tena alikuwa na ulimi ambao haukuwasaza Wanazi. Mapema mwaka 1933 alikuwa kitandani anaumwa mafua makali, polisi mmoja akampigia simu kwa siri kumwonya: pasipoti yako inakuja kuchukuliwa. Mzee akaondoka na homa yake hadi Prague. Mke na watoto wawili wakamfuata mwanzoni mwa Machi, kabla tu ya uchaguzi wa tarehe 5, wakapanda treni kwenda Uswisi. Mwezi Mei vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Toka Uswisi familia ikahamia Paris, na mwaka 1936 ikafika London, mji ambao Judith aliufanya kwao mpaka alipofariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95.

Kama kuna mtu aliyestahili kurasa 700, ni huyo. Sasa tazama alichofanya. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha chui milia anayekuja kunywa chai. Mwaka 1970 akatoa cha paka msahaulifu. Mwaka 1971 ndipo akatoa habari za familia yake kuwakimbia Wanazi, na akawaandikia watoto. Fuata utaratibu huo.

1. Anza na mnyama

Usianze na vita. Hata kama vita ndiyo iliyokufanya ushike kalamu, ifungie kabatini kwanza.

Kitabu cha chui milia kinaitwa The Tiger Who Came to Tea. Sophie na mama yake wamekaa jikoni wanakunywa chai. Kengele ya mlango inalia. Ni chui milia, mkubwa, ana manyoya na ana njaa, na anaomba kwa adabu kama anaweza kujiunga nao. Anakaribishwa. Anakula kila kilichopo mezani, kisha kilichopo jikoni, kisha kilichopo kwenye friji na kabati. Anakunywa maziwa, anakunywa bia ya baba, anakunywa maji yote ya bomba. Anashukuru, anaaga. Sophie hawezi kuoga kwa kuwa maji hayapo. Baba anarudi, wanatoka usiku kwenda mgahawani kula soseji, chipsi na aiskrimu. Kesho yake wananunua kopo kubwa la chakula cha chui milia, endapo atarudi. Harudi. Basi.

Hakuna aliyechapwa. Hakuna aliyejuta. Hakuna aliyepata funzo.

Hapo ndipo unapotakiwa kuwa na moyo, mwenzangu, maana mkono wako utawasha. Utataka kuongeza ukurasa wa mwisho wenye swali: je, hadithi hii inatufundisha nini? Tulilelewa na swali hilo, na wengi wetu liliturudisha kwenye vitabu kama watu wanaorudi kazini baada ya likizo. Lifute. Mtoto akicheka, umemaliza kazi ya ukurasa huo.

Kuiba ni rahisi. Chukua mnyama, mweke mahali pasipo pake, mpe adabu. Kiboko amepanda daladala ya Mbagala, amelipa nauli taslimu, na konda hana chenji. Usieleze kiboko ametoka wapi. Mtoto hatauliza hilo. Atauliza amekaa kiti gani, na swali hilo ni zuri kuliko lako.

Nawe unapata faida ambayo hutaiona leo. Kerr alimtungia binti yake hadithi hiyo mdomoni, akairudia na kuirudia, baada ya kutembea naye kwenye bustani ya wanyama. Mtoto aliyechekeshwa na mzazi mara nyingi kiasi hicho anajua sauti ile haimtishi. Siku utakapomwambia kwa sauti ileile kwamba kulikuwa na watu waliotaka kumkamata babu yake, atakaa akusikilize hadi mwisho. Hiyo ni akiba. Weka leo.

2. Fanya nusu ya kazi

Kitabu cha picha kwa desturi kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Ukitoa jalada la ndani na ukurasa wa haki za uchapaji, umebaki na nafasi ya sentensi chache. Furahi. Umesamehewa sura ishirini.

Kerr alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi, na alijiwekea sharti: asiandike kitu ambacho mtoto anakiona mwenyewe kwenye picha. Ukichora paka amekaa kwenye boksi la maua la dirishani, huna haja ya kuandika kwamba paka amekaa kwenye boksi la maua. Andika kwamba paka amesahau kitu. Mtoto asiyejua kusoma atatazama picha, atagundua jambo ambalo maneno hayakusema, na atamweleza mtu mzima anayemsomea. Kwa dakika hiyo yeye ndiye anayejua zaidi. Hakuna mtoto anayekataa utukufu huo, na hakuna mtu mzima pia. Ndiyo maana vitabu hivi husomwa na wawili.

Paka mwenyewe anaitwa Mog. Anasahau kwamba ana mlango wake wa kupitia, anakalia kofia, anakula yai la mtu, nyumba nzima inamlalamikia. Usiku mwizi anaingia, Mog analia dirishani, mwizi anashtuka na anakamatwa. Paka aliyekuwa kero anapewa nishani na yai kila asubuhi. Soma mara mbili, uone namna kosa lilelile lilivyogeuka kuwa ushujaa bila mtu yeyote kurekebishwa tabia.

Kama huwezi kuchora, tafuta mchoraji, mlipe, na usimsimamie begani. Ukimwambia achore hasa ulichoandika, umelipa mara mbili kwa kitu kimoja.

3. Iba kitu kimoja tu

Sasa fungua kabati. Hii ndiyo hatua yenyewe, na nitakaa hapa.

Kerr ameeleza jinsi alivyofika. Mwanawe mdogo alitazama filamu ya The Sound of Music, ile ya familia inayoimba halafu inawatoroka Wanazi kupitia milimani, akasema sasa anajua ilivyokuwa mama alipokuwa mdogo. Mama akaona haikuwa hivyo hata kidogo. Hawakuimba wala hawakupanda mlima. Walikaa kwenye treni. Akaandika ili watoto wake wajue.

Fikiria alichokuwa nacho mkononi: kuanguka kwa serikali ya Ujerumani, kuchomwa kwa vitabu, nyumba na mali vilivyotwaliwa, nchi nne, lugha tatu. Angeweza kuanza na Hitler kupewa ukansela tarehe 30 Januari 1933 akatembea nasi mwezi kwa mwezi. Akachagua sungura.

Msichana wa kitabuni anaitwa Anna. Anaambiwa afunge mizigo, achukue kitu kimoja tu cha kuchezea. Ana mbwa mpya wa sufu na ana sungura wa zamani wa rangi ya waridi, aliyechakaa. Anachukua mbwa, kwa sababu ni mpya na kwa sababu anadhani watarudi karibuni. Hawarudi. Kila kilichobaki Berlin kinachukuliwa na Wanazi, na Anna anamwona Hitler akilini akicheza na michezo yake na kumkumbatia sungura wake. Jina la kitabu likawa When Hitler Stole Pink Rabbit, Hitler alipomwiba sungura wa waridi, na jina hilo peke yake linamweleza mtoto wa miaka minane utaifishaji wa mali za Wayahudi kuliko sura yoyote ya kitabu cha historia.

Ona ujanja ulivyosukwa. Anna alichagua vibaya, na alichagua vibaya kwa sababu ya kawaida kabisa ya kitoto. Hakuna aliyemnyang'anya sungura mkononi. Yeye mwenyewe alimwacha, na ndiyo maana inauma. Kila aliyewahi kukimbia nyumba anaijua hesabu hiyo: niliacha kile, nikabeba hiki, kwa nini?

Kwa hiyo usimuulize mzee wako vita ilikuwaje. Atakupa ya redioni: majina ya makamanda, miji iliyotekwa, nani alisaliti nani. Muulize aliacha nini. Cherehani? Baiskeli aliyokuwa bado anailipia? Mbuzi aliyefungwa kamba ambaye hakuna aliyekumbuka kumfungulia? Sare mpya ya shule iliyokuwa kwenye kamba haijakauka? Akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, umepata sungura wako. Acha maswali mengine siku hiyo.

Sharti ni moja: kiwe kitu ambacho mtoto angeweza kukishika. Hati ya shamba haifai, hata kama ndiyo hasara kubwa zaidi. Akaunti ya benki haifai. Idadi ya waliokufa haifai pia. Mtoto akisikia elfu thelathini anaisikia kama hesabu ya darasani. Mbuzi mmoja anafaa.

Usidhani ni ujanja wa waandishi wa watoto peke yao. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana akaenda Uingereza kama mkimbizi mwishoni mwa miaka ya 1960, na akatunukiwa Nobeli mwaka 2021, ana riwaya yenye Vita Kuu ya Kwanza katika pwani yetu na bara yake, Afterlives ya mwaka 2020. Kuna askari wa Wajerumani humo, kuna majeshi yaliyoacha vijiji na njaa, kuna miaka na miaka ya utawala wa kigeni. Lakini ambaye wasomaji wengi wanambeba hadi mwisho ni Afiya, msichana anayelelewa na mjomba katili, ambaye kaka yake amemfundisha kuandika. Mjomba anapogundua kwamba anajua kuandika anampiga hadi kumvunja mkono. Msichana anaandika kikaratasi cha maneno machache mno, kinamfikia mtu mwema, na maisha yanageuka. Kikaratasi hicho ndicho sungura wa Gurnah.

4. Mwache mtoto aelewe vibaya

Mtu mzima akisimulia vita husahihisha kila kitu. Punguza.

Katika kitabu cha Kerr, familia ikiwa Uswisi, zinakuja habari kwamba Wanazi wametangaza dau kwa atakayemkamata baba. Anna anasikia kwamba kichwa cha baba kimewekewa bei. Anaona akilini sarafu zikimiminwa juu ya kichwa cha baba yake, nyingi, nzito, mpaka zimfunike. Usiku hapati usingizi. Amekosea maana na amepatia hofu. Mwandishi angemsahihisha palepale, tungepata maelezo ya sheria na kupoteza baba chini ya lundo la sarafu.

Kwa hiyo unaposimulia, mpe mtoto wa hadithi nafasi ya kudhani. Adhani wakimbizi ni watu wanaoshindana mbio. Adhani mpaka ni ukuta mrefu, afike auone mto na bodaboda. Mtoto anayesikiliza atacheka kwa kuwa anajua zaidi, kisha ataogopa kwa kiasi chake, na hatahitaji umwambie lini acheke na lini aogope.

Na usiogope majivuno ya mtoto. Ni injini nzuri. Anna anasoma kitabu cha watu mashuhuri, anagundua kwamba wote walikuwa na utoto mgumu, anahuzunika: yeye atakuwaje maarufu na maisha yake mazuri haya? Anasema hivyo hana nyumba, hana nchi, na huko mbele, Paris, familia itahesabu senti. Baadaye anakata shauri kwamba utoto wake haukuwa mgumu, kwa sababu wote wanne walikuwa pamoja. Mambo makubwa ya uhamisho yamepita mbele yetu juu ya mabega ya mtoto anayetaka kuwa maarufu. Ungeyapitisha kwa njia gani nyingine bila kuhubiri?

5. Kifo kipitishe mlango mdogo

Wengi hapa hukimbia. Wanafuta kifo kabisa, kisha wanashangaa mtoto akikisikia shuleni kwa namna mbaya zaidi. Usikifute. Kipunguzie mlango.

Kuna rafiki wa familia katika kitabu kile, Onkel Julius, mtaalamu wa wanyama. Anabaki Berlin kwa sababu haamini mambo yatakuwa mabaya. Ana bibi mmoja tu wa Kiyahudi, lakini hilo linatosha. Anapoteza kazi yake ya makumbusho. Anavumilia, kwa kuwa bado anaweza kwenda kila siku bustani ya wanyama, na wanyama hawamuulizi bibi yake alikuwa nani. Kisha wanamnyang'anya kibali cha kuingia bustani ya wanyama. Anajiua.

Mtoto wa miaka kumi anaelewa hilo moja kwa moja. Hajui kambi, hajui sheria za ubaguzi, lakini anajua maana ya kukatazwa kwenda mahali pekee unapopapenda. Kerr hakumficha kifo. Alimwonyesha kadi ndogo ya kuingilia bustanini.

Kipimo changu ni hiki: mtoto akikuuliza "alikufa?", sema ndiyo. Akikuuliza "kwa nini?", mpe sababu ndogo kabisa iliyo ya kweli. Ikiwa sababu ndogo ya kweli haipo, sema utamwambia baadaye, na uende hatua inayofuata.

6. Ahirisha, ila usidanganye

Uvivu mtakatifu huu hapa. Si lazima umalize.

Kitabu cha kwanza kinaishia familia inapofika London, kwa bahati ya ajabu: baba aliandika muswada wa filamu kuhusu mama yake Napoleon, mtayarishaji Alexander Korda akaununua, na pesa hizo zikawavusha bahari. Filamu yenyewe haikutengenezwa kamwe. Msomaji anafunga kitabu ameshusha pumzi.

Mwaka 1975 ndipo Kerr akatoa cha pili, Anna akiwa kijana London chini ya mabomu, na kaka yake akishikwa na Waingereza wenyewe kama raia wa adui, yeye aliyewakimbia maadui hao. Hilo lilitokea kweli: Michael Kerr alizuiliwa mwaka 1940 katika Kisiwa cha Man, baadaye akarusha ndege za jeshi la Uingereza, na mwisho akawa jaji wa Mahakama ya Rufaa. Mwaka 1978 kikaja cha tatu, Anna mtu mzima, ameolewa, anarudi Berlin ya 1956 kwa sababu mama yake amejaribu kujiua. Alfred Kerr mwenyewe alikuwa amejiua mwaka 1948 huko Hamburg, baada ya kupata kiharusi katika ziara yake ya kurudi Ujerumani. Hayo hayamo kwenye kitabu cha sungura. Yaliachwa yangoje hadi msomaji akue pamoja na Anna.

Ndivyo utakavyofanya. Mgawie mtoto ukoo wako kwa umri. Miaka mitano, mpe mbuzi. Miaka kumi, mpe safari na aliyebaki nyuma. Akifika kidato cha tatu, mpe kile ambacho wazee hukatiza mtu akiingia sebuleni.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Kuahirisha si kubadilisha. Usimwambie mjomba alisafiri ikiwa alitoweka. Usiseme adui walikuwa wanyama ikiwa adui walikuwa majirani. Mtoto wa miaka kumi na tano atarudi kuikagua hadithi uliyompa akiwa na miaka mitano, na akikuta uongo ndani yake, hatakuamini tena kwa lolote. Akikuta tu kwamba ilikuwa fupi, atakushukuru.

7. Kwa wanaotaka kuonekana wasomi

Nakujua, unataka pia kutajwa kwenye kongamano. Sawa.

Mwandishi Michael Rosen alipata kusema kwamba huenda yule chui milia ni kivuli cha Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi: anagonga mlango bila taarifa, anachukua kila kitu, anaondoka. Hoja inapendeza, na kwa mtu aliyelelewa kwenye nyumba iliyoogopa kengele ya mlango si ya kipuuzi. Kerr alijibu kwamba chui milia ni chui milia tu.

Simama na Kerr. Ukimgeuza mnyama kuwa polisi, umempora mtoto mnyama wake na hukumpa polisi. Na kuna faida ya sifa pia: ukumbini wote watasema Gestapo, wewe peke yako utasema chui milia, na utakumbukwa.

8. Ukishindwa kuiacha ndoto ya kitabu kinene

Basi kiandike, lakini uwe na adabu ya Tolstoy. Alitoa Vita na Amani kati ya 1865 na 1869, kitabu cha kurasa elfu na zaidi juu ya familia za Urusi wakati wa Napoleon. Kisha miaka mitatu baadaye, 1872, akatoa kitabu cha alfabeti chenye hadithi fupifupi kwa watoto wa wakulima. Mtu aliyemaliza vita ile aliona kazi inayofuata ni kumfundisha mtoto wa kijijini kusoma.

Na ukikisoma kitabu kinene chenyewe, fanya udanganyifu huu kwa baraka zangu: sehemu ya pili ya hitimisho ni insha ya falsafa ya historia, iruke mara ya kwanza. Usiruke habari ya Petya Rostov, kijana mdogo anayekwenda vitani amebeba zabibu kavu tamu na kuwagawia maofisa wote kwa furaha, usiku wa mwisho wa maisha yake. Utasahau majenerali wote. Zabibu hutazisahau.

Mwingereza Raymond Briggs alipita njia ya Kerr: Baba Krismasi mwaka 1973, mtu wa theluji mwaka 1978, na mwaka 1998 ndipo akachora maisha ya wazazi wake, Ethel na Ernest, mfanyakazi wa ndani na muuza maziwa, tangu walipokutana 1928, wakapitia mabomu ya London, hadi walipofariki wote wawili mwaka 1971. Yote kwa visanduku vidogo vya katuni. Hakuna aliyemwambia apunguze utani ili vita iheshimiwe.

9. Soma kwa sauti, tena, na tena

Mtoto atataka kitabu kilekile usiku wa sita. Usimpe kingine. Anakagua kama chui milia atafanya vilevile, na anahitaji afanye vilevile. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo, na vingine ni vizuri sana. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vingi kufika kwenye maktaba za shule. Nunua viwili, viwekwe mahali pa chini ambapo mkono wa mtoto unafika, na ukubali vichanike.

10. Tunza karatasi

Familia ya Kerr ilipotoka Berlin na mizigo michache, mama yao, Julia, alipakia michoro ya utotoni ya binti yake. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ingekuwa na thamani kwa mtu mwingine. Leo michoro hiyo imehifadhiwa Seven Stories, kituo cha vitabu vya watoto kilichoko Newcastle, Uingereza.

Kwa hiyo usitupe ule mchoro wa helikopta inayofanana na samaki. Andika nyuma yake jina la mtoto, tarehe, na alichosema kinaonyesha nini. Uweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.